Ufagio Unaishia Kwenye Jiwe

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uwanja kama kila siku, na nilipofika kwenye jiwe nikasimamisha ufagio. Hilo jiwe liko mbele ya bafu letu la nje, hapa Utemini, Singida. Ni kubwa kama gunia la alizeti lililolazwa. Lilikuwepo kabla ya nyumba. Baba wakati anajenga alilipiga nyundo siku mbili, likamshinda, akaliacha. Upande wa huku wa jiwe uwanja wetu unang'aa, hukuti hata ganda la karanga. Upande wa pili kuna majani makavu, maganda ya alizeti na udongo mweusi wenye unyevu, na kama ni mgeni utasema binti wa nyumba hii anafagia nusu.

Nikachuchumaa, nikachungulia katikati ya majani. Kilikuwepo bado. Kidude chekundu, kinene, ncha yake kama kidole gumba cha mtoto, kinasukuma kutoka chini. Nilikiona juzi Alhamisi na sikumwambia mtu. Nikakilazia jani kavu juu yake, halafu nikasimama haraka kwa sababu nilisikia toroli inaingia uani.

Alikuwa fundi Fabiano, amekuja kumwaga zege. Na zege lilikuwa linakuja kumwagwa hapo hapo nilipochuchumaa.

Kile kidude ni chipukizi la maua ya shangazi yangu, dada yake baba. Anaitwa Amne, na mimi naitwa Amne, nimepewa jina lake. Ndiyo maana baba ananiita dada tangu niko mdogo, na watu wakisikia mtu mzima mwenye ndevu anamwita mtoto wa kidato cha tatu dada, wanacheka. Shangazi yeye ananiita wajina. Alikuwa anakaa na sisi, chumba cha uani, yeye na cherehani yake.

Miaka minne iliyopita alienda msibani Kintinku. Wakati wa kurudi gari likapata pancha pembeni ya mbuga. Abiria wengine wakashuka kumsema dereva, shangazi akashuka kuangalia mbuga. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Anasema maji yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, na juu ya maji maua meupe, mengi, kama watu waliovaa kanzu wamejipanga kwa swala ya Idd. Akavua viatu, akaazima fimbo ya kijana wa kuchunga, akaingia kwenye tope akachimba vitunguu vitatu. Ni vitunguu kweli ukiviona, kila kimoja kama ngumi ya baba, ila vina shingo ndefu.

Yule mchungaji akamwuliza, "Mama, unaenda kupika hivyo? Hivyo sumu. Hata mbuzi hawagusi."

Shangazi akamwambia, "Ndiyo nimevipendea. Nyumbani kuna mbuzi."

Akavileta Singida amevifunga kwenye khanga, amevipakata.

Kila mtu alimwambia vitakufa. Hapa kwetu bomba linatoka mara mbili kwa wiki, likitoka tunajaza mapipa, na upepo wa hapa unakausha hadi nguo nzito kwa saa moja. Ua la kwenye mbuga litaishi vipi? Shangazi hakubishana na mtu. Akavipanda nyuma ya jiwe, mahali alipokuwa anakaa kutawadha.

Mimi nilikuwa napenda kumwangalia akitawadha. Anaweka kigoda chake, birika lake la bluu la plastiki, anapandisha mikono ya gauni. Birika moja tu, haongezi. Mikono, mdomo, pua, uso, anakuja mpaka miguu, na maji yote yanaanguka palepale nyuma ya jiwe. Mara tano kwa siku. Kukiwa na baridi ya mwezi wa saba, ile inayofanya meno yagongane, alfajiri utamsikia: kigoda, birika, maji.

Mama alikuwa akimtania, "Wifi, wewe unamwagilia maua halafu unasingizia swala."

"Simwagilii," shangazi anajibu. "Natawadha. Maji yakimaliza kazi kwangu yanaenda kwao."

Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu. Mwaka wa pili likatoka ua moja. Mwaka jana, mwezi huu huu wa kumi na mbili, kabla hata ya mvua, yalisimama mashina saba, na vitunguu chini vilikuwa vimezaana, nikivihesabu vilifika kumi na moja. Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye nyumba ya mtu. Shina moja linabeba maua sita, saba, yanainama kama tarumbeta. Ni meupe, na mgongoni mwa kila jani la ua kuna mstari mwekundu, umenyooka kama mtu ameuchora na rula. Mchana yamefunga. Jua likizama yanafunguka, na harufu inatoka, siyo kali, inatembea. Inafika jikoni, inaruka ukuta.

Jirani yetu Mama Nathan aliongea kutoka upande wake, akimtaja baba kwa jina, "Huko kwa Idrissa nani anaolewa, mbona hamtualiki?"

Akaja kuangalia. Mama Nathan ni mtu wa maneno, anaweza kuongea na jiko. Alisimama mbele ya yale maua, mikono kiunoni, akakaa kimya mpaka shangazi akamletea kiti.

Mimi ni mtu wa aibu, sikatai. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo, ila sauti inaishia mdomoni, mwalimu anasema "keti" nikiwa sijamaliza. Shangazi naye si msemaji. Lakini nimekuja kugundua kimya chake na changu si kimoja. Changu ni cha kujificha. Chake, ukikaa karibu, unaona kuna kitu kinaota.

Mwezi wa kumi shangazi mkubwa wa Manyoni alianguka akavunjika nyonga, ikabidi shangazi Amne aende kumwuguza. Alifunga cherehani yake kwenye shuka. Mimi nikambebea begi mpaka barabarani, na hapo akanipa maagizo mawili tu.

"Wajina, maua yangu usiyanyime maji. Na ufagio unaishia kwenye jiwe."

Nikasema sawa.

Agizo la kwanza nililifuata kwa akili yangu. Kila Jumapili nikimaliza kufua, nilibeba ndoo nzima ya maji ya kusuuzia, na povu lake, nikaimwaga pale kwa mara moja. Nilijiona mkarimu. Agizo la pili sikulifuata kabisa. Nyie mnajua binti anavyopimwa kwa uwanja. Mgeni hajauliza umepata ngapi kwenye mtihani, ameshaangalia chini. Na mama amelelewa Iramba na bibi ambaye alikuwa anakagua uwanja kabla ya uji. Siku ya tatu tu tangu shangazi aondoke, mama alipita akasema, "Amne, nyuma ya jiwe pale patalala nyoka." Basi nikafagia. Majani makavu nikayatoa, maganda ya alizeti ambayo shangazi alikuwa ameyatandika nikayatupa jalalani. Nikafagia mpaka mabega ya vitunguu yakatokeza meupe, na nikaona pamependeza. Mama akanisifu.

Ndani ya mwezi mmoja majani yalianza kuwa ya njano kuanzia kwenye ncha. Halafu yakalala chini yote, kama nywele za mtu aliyelowa.

Baba hakunisema. Alisimama pale na kijiti mdomoni akasema, "Haya yamekufa. Mwezi wa kumi na mbili fundi anakuja kumwaga zege hapa mbele ya bafu, kabla mvua hazijaanza. Yangekuwa hai ningeyaacha, dada yangu asije akanigombeza. Ila haya si mabua tu?"

Zege lenyewe lilikuwa na sababu. Mvua za mwaka jana mama aliteleza kwenye tope pale akateguka mkono, akala ugali kwa mkono wa kushoto wiki tatu, huku akimlaumu baba kwa kila tonge. Kwa hiyo sikuwa na la kusema. Na hata ningekuwa nalo, ningesema nini? Ningesema yapo hai, baba angeuliza sasa mbona yako hivi, na hapo ningetaja ufagio na maji ya sabuni.

Kilichonizindua ni kitu kidogo. Siku moja jioni bafuni kulikuwa na mtu, magharibi inakaribia, nikachukua birika la shangazi nikaenda kukaa kwenye kigoda chake pale kwenye jiwe. Nilipofika miguuni, nikaona maji yanatembea. Yalitoka kwenye mguu wangu, yakaingia kwenye kamfereji kembamba ardhini, upana wa kidole, yakaenda mpaka kitunguu cha kwanza, yakazunguka, yakaelekea cha pili, halafu yakapotea. Mfereji uliishia pale ambapo ufagio wangu ulianzia. Shangazi alikuwa amechora njia kwa kidole, mpaka kitunguu cha mwisho. Miaka minne nimemwangalia na sikuwahi kuiona.

Nilikaa pale mpaka nikachelewa kuswali.

Kumbe haikuwa maji mengi. Ilikuwa maji kidogo, masafi, mara tano, kila siku, bila kuruka. Mimi niliwapa mafuriko ya sabuni Jumapili na ukame siku sita, halafu nikawavua na nguo.

Kuanzia kesho yake nilianza kutawadha pale pale. Nikachora mfereji upya. Nikaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti na mfuko wa salfeti, nikaomba maganda, nikayatandika. Siku za shule adhuhuri ilikuwa inanipita, lakini tulipofunga nikawa nafikisha tano. Mama alipoona ufagio hauendi nyuma ya jiwe alinisema mara mbili, mara ya tatu akaguna akaacha. Akabaki kunitania, "Nyumba hii tumepata shehe na hatukujua." Sikumweleza. Na juzi Alhamisi, asubuhi, ndiyo nikakiona kile kidude chekundu.

Turudi leo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mzee yupo?"

Baba akatoka na kikombe cha chai, wakatembea pamoja wakipima kwa hatua. "Kuanzia mlango wa bafu mpaka ukutani," baba akasema. "Jiwe tunalizungushia."

Fundi Fabiano akanyoosha kidole nyuma ya jiwe. "Na hili kaburi?"

"Ng'oa."

Fundi akainama kidogo, akacheka. "Mzee, mimi kwetu Kintinku. Hawa nawajua. Tukichimba udongo wa matofali tunakutana nao chini. Hawafi kizembe hawa. Wanajifanya."

"Basi hawa hawajifanyi."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Fundi, mwaka jana mkono wangu nao ulikuwa unajifanya. Mwaga zege."

Nilisema, "Baba." Nilisema kweli. Lakini beleshi lilikuwa limeanza kugonga kokoto, na sauti yangu ndiyo kama mnavyoijua. Baba akageuka akaona nimesimama tu, akasema, "Dada, tuletee maji ya kuchanganyia."

Nikabeba maji. Safari ya kwanza nikasema nikirudi nitasema. Safari ya pili hivyo hivyo. Nilibeba ndoo tisa. Kila nikipita nilikuwa naangalia lile jani kavu nililoliweka, na zege lilikuwa linakuja, kutoka mlangoni, laini, la kijivu, fundi analisawazisha kwa ubao huku anapiga mluzi. Kufikia saa sita lilikuwa limebaki hatua tatu kufika kwenye jiwe. Fundi akaweka ubao chini akachukua sururu.

Hapo ndipo adhana ya adhuhuri ikatoka.

"Nenda mzee, nakusubiri," fundi akasema, akaegemea sururu. "Mimi zamu yangu kesho."

Baba huwa anatawadha kwenye pipa, karibu na jiko. Na kwetu, mtoto akikuwekea maji ya udhu, huendi kutafuta mengine. Ni heshima amekupa, unaipokea. Sijui nilipata wapi miguu. Nilijaza birika la bluu, nikachukua kigoda cha shangazi, nikazunguka zege, nikaviweka kwenye jiwe. Nikaweka na kandambili za baba pembeni. Kisha nikarudi nyuma nikasimama kwenye ukuta, mikono nimeishika.

Baba aliangalia birika. Aliangalia pipa. Aliniangalia mimi, nikaangalia chini.

Akaja akakaa.

Fundi aliacha mluzi. Baba akanawa mikono, akasukutua, akapandisha maji puani, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, akapaka kichwa. Akatanguliza mguu wa kulia kwenye ukingo wa jiwe, akaumiminia maji. Maji yakashika mfereji, yakaenda, yakagusa lile jani kavu. Jani likajongea. Kidogo. Halafu likaelea likaenda zake.

Baba alikuwa ameshanyanyua mguu wa kushoto. Ukabaki hewani.

Kisha akamalizia mguu taratibu, na nikaona anaumiminia maji mengi kuliko kawaida yake, na yote yanaelekea kulekule.

"Dada."

"Abee."

"Hiki umekiona lini?"

"Juzi."

"Mbona hukusema?"

Baba akanyoosha mkono, akagusa maganda ya alizeti, akafuata ule mfereji kwa kidole mpaka mwisho, kitunguu kwa kitunguu. Akasema kitu kwa Kinyaturu, polepole, siyo kwangu. Lugha hiyo huwa anaongea na shangazi tu, wakiwa hawataki mama asikie.

Fundi Fabiano akaja na sururu yake begani, akachungulia. "Si nilikwambia wanajifanya?"

"Fundi," baba akasema, "zege lako liishie kwenye jiwe."

"Na tope la mama?"

"Tope la mama liko huku kwetu. Kule ni kwa dada yangu."

Mama alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na mimi usiku nikienda bafuni nipite wapi?"

"Kwenye zege, kama bibi harusi."

Mama akasonya, lakini akasogea akainama naye. Akaangalia sana. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ushehe." Halafu akanigonga begani na mwiko, kidogo tu, mwiko wenye unga.

Baba alipokwenda kuswali, fundi alifanya kitu ambacho hakuambiwa na mtu. Pale kigoda kinapokaa, kwenye ukingo wa zege bichi, alipitisha pembe ya mwiko wake wa kujengea akachora mfereji mdogo, umeinamia kwenye maua. Akausugua ukawa laini. "Ili isipotee hata tone," akaniambia. "Sasa sikiliza. Hilo shina siku sita, saba, limesimama. Likifunguka linafunguka jioni, na ua moja ni usiku mmoja, kesho yake limelala. Mwenyewe yuko wapi?"

"Manyoni."

"Mwambie aje."

Kwa hiyo ilibaki hiyo. Kumwambia.

Simu ya shangazi ni kitochi, picha haipokei, na kuchaji anapeleka dukani. Kwa hiyo huwezi kumpigia picha ukamaliza. Inabidi uandike. Baada ya isha mama alinipa simu yake akasema, "Andika wewe, mimi nitaharibu," akaenda kulala. Nimeandika ujumbe mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mzuri sana, una kidude chekundu, una baba na mguu hewani, una mfereji wa fundi. Niliusoma nikaona hauna ufagio. Nikaufuta. Wa pili ulikuwa na ufagio lakini nilisingizia nyoka wa mama. Nikaufuta na huo. Huu ndio niliotuma:

"Shikamoo shangazi. Ni mimi wajina wako. Nilifagia nyuma ya jiwe mwezi mzima na niliwapa maji ya sabuni. Walikaribia kufa, ni mimi, si mtu mwingine. Sasa hivi natawadha pale kila swala. Shina moja limeanza kutoka, baba amelikuta leo mwenyewe na amesema zege liishie kwenye jiwe. Litafunguka Ijumaa au Jumamosi. Nisamehe. Njoo ulione."

Nimetuma saa nne na dakika kumi. Sasa ni saa sita kasoro. Nyumbani wote wamelala, naandika kwenye daftari la jiografia, kurasa za nyuma. Simu ya mama nimeiweka hapa mezani, kioo juu. Haijawaka.